Pedali ya Ambreyaji Ikishuka Bure

Ndugu shofa, nawe msaidizi unayesafiri naye, someni habari hii pamoja.

Siku ile tulikuwa Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, tukingoja mizigo kutoka ng'ambo. Kungoja mitumbwi pale si jambo geni: mwaka 1871 Livingstone alikaa Nyangwe zaidi ya miezi mitatu akitafuta mitumbwi ya kumvusha, akaondoka bila kuvuka. Gari letu lilikuwa Land Rover ya zamani, Series III, aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Tangu Kasongo pedali ya ambreyaji ilikuwa laini, na vitesi zilikuwa zinalia. Nilimwambia shofa, «Mzee, hii pedali si nzima.» Akajibu, «Mwanangu, mimi na gari hili tunajuana.»

Wakati wa kuondoka, vitesi ya kwanza ilikuwa imeingia. Mzee akakanyaga pedali mpaka chini, akapiga demareri. Gari likaruka mbele. Boneti lilikuwa wazi, kwa hiyo hakumwona msaidizi aliyekuwa akifunga kifuniko cha radiateri. Mguu wa kijana ulivunjika chini ya goti. Tulimpeleka Kasongo kwa gari la watu wengine.

Garajini tulifungua pompa ya juu. Mipira yake ilikuwa imevimba kama maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha. Njiani mtu alikuwa ameongeza mafuta ya mota mahali pa mafuta ya freni.

Tufahamu kwanza kazi yenyewe. Unapokanyaga pedali, pompa ya juu inasukuma mafuta ya freni ndani ya tiyo mpaka pompa ya chini, karibu na sanduku la vitesi. Hii inasukuma fimbo, fimbo inasukuma uma, na ambreyaji inaachana na mota. Mafuta yakipungua, au hewa ikiingia, mguu wako unafanya kazi bure.

Kama mota inapiga kelele mlimani lakini gari haliendi, ambreyaji inateleza: mara nyingi diski imekwisha au imelowa mafuta. Hiyo ni habari nyingine. Kama vitesi zinakataa kuingia, hasa ya kurudi nyuma, anza na pompa. Usikimbilie kuteremsha sanduku la vitesi. Wengi wamepoteza siku mbili hivyo kwa sababu ya kipande cha mpira.

Zima mota, toa vitesi, vuta freni ya mkono, tia mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Tazama chombo cha mafuta. Yamepungua? Basi yanatoka mahali. Pitisha kidole juu ya pedali, pale fimbo inapoingia katika pompa. Rangi iliyobambuka ni ushahidi, kwani mafuta ya freni yanakula rangi. Kisha inua kifuniko cha mpira cha pompa ya chini. Pakiwa na maji maji, umeipata.

Kama hakuna yanapotoka, kanyaga na kushikilia. Pedali inayozama polepole chini ya mguu uliotulia inasema mipira ya pompa ya juu inapitisha mafuta kwa ndani. Pedali inayodunda kama mpira wa watoto, nayo inapanda ukiipiga mara nyingi, ina hewa.

Halafu mwenzako akanyage, wewe utazame fimbo ya pompa ya chini. Katika gari nyingi inasogea zaidi ya sentimeta moja. Tazama pia tiyo laini: ikivimba kila anapokanyaga, nguvu inaishia humo. Fimbo ikienda vizuri na vitesi bado zinalia, hapo ndipo kosa liko ndani, na fundi ana haki ya kufungua. Gari lililolala muda mrefu masika, mara nyingine ni diski iliyoshikwa na kutu.

Mafuta yawe ya freni tu, kutoka chupa iliyofungwa, maana yakikaa wazi yanavuta maji ya hewani. Mawese, mazuti na mafuta ya mota yanaharibu mipira. Tena katika gari nyingine chombo ni kimoja kwa ambreyaji na freni. Aliyetia mafuta mabaya humo ameharibu freni pia, na atajua kwenye mteremko.

Mama wa nyumbani, neno hili ni lako. Mafuta ya freni ni sumu; yasikae ndani ya chupa ya limonadi ambayo mtoto anaweza kuokota. Na diski za zamani nyingi zilitengenezwa kwa amianti, ambayo vumbi lake linaleta kansa ya mapafu miaka mingi baadaye. Fundi asipulize vumbi hilo kwa hewa ya kompresa, bali alilowanishe na kulipangusa kwa kitambaa chenye maji. Avue kombinezo kazini. Ikibidi kuifulia nyumbani, ilowekwe kwanza peke yake, bila kukung'utwa, mbali na nguo za watoto.

Kijana wetu alirudi kazini baada ya miezi saba. Anachechemea kidogo, na hasimami mbele ya gari mpaka aone mwenyewe kuwa vitesi imetolewa.