Mtoto Anayejikuna Usiku

Mama, usiku mwanao halali. Ajikuna mpaka damu yatoka. Ngozi ya ndani ya viwiko na ya nyuma ya magoti imekuwa ngumu na nyeusi. Majirani wawakataza watoto wao kucheza naye, nawe umeanza kuona haya, ukidhani watasema humwogeshi mtoto. Ngoja kwanza. Huenda mtoto huyo hana upele hata kidogo, bali ana pumu ya ngozi, na ugonjwa huo hauambukizi.

Tutaujuaje? Upele huletwa na mdudu mdogo sana anayechimba ngozi. Hupenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono na kiunoni, na kwa kawaida huwashika watu kadhaa wa nyumba moja. Ndiyo maana dawa yake hupakwa na wote siku moja. Pumu ya ngozi haina mdudu. Ngozi yenyewe ni dhaifu, haishiki maji yake, hukauka na kuvimba upesi. Mara nyingi katika ukoo huo yupo pia mwenye pumu ya kifua. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni. Wengi husema ngozi huwa nyekundu. Kwetu sisi weusi huonekana ya kijivu au nyeusi zaidi, yenye vipele vidogo. Ukiwa na mashaka, mwonyeshe mganga wa zahanati.

Basi, fanya hivi. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu, wala usikawie, kwa sabuni isiyo na manukato. Usimsugue kwa dodoki. Mfute polepole, na ngozi ikiwa bado na unyevu mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu, mara mbili kwa siku au zaidi. Mvike nguo za pamba, umkate na kucha.

Jihadhari na krimu kali ziuzwazo ovyo. Nyingine zina dawa ile ile ambayo watu hujipaka wapate weupe. Ikipakwa siku nyingi bila kipimo, ngozi huwa nyembamba na kufanya michirizi. Daktari akiitoa kwa kipimo na kwa siku alizozihesabu, husaidia sana. Ukiona usaha, magamba ya rangi ya asali, au homa, usingoje: mpeleke siku ile ile.

Ugonjwa huu huja na kwenda, lakini watoto wengi hupata nafuu wakikua. Mganga akisha kukuhakikishia, mwite jirani yako umweleze, kisha waacheni watoto wacheze.