Samaki panzi haombi kibali, anayemfuata ndiye huulizwa

WIKI moja kabla ya likizo, mwanafunzi wangu mmoja hapa Rumonge aliniita mwongo mbele ya wenzake. Neno lenyewe hakulitamka, ana adabu zake. Alisema tu: "Mwalimu, samaki huyo labda ni wa Tanzania." Darasa zima likaangua kicheko. Nilikuwa nimewaeleza kwamba yupo samaki anayetoka majini na kupaa hewani, na kwamba nimemwona kwa macho yangu.

Msomaji uliyerejea kama mimi unaifahamu dhihaka hiyo. Kila jambo tunalosimulia, wenyeji husema ni la "kule Tanzania". Hata hivyo sikukasirika, kwani mimi mwenyewe niliwahi kucheka vivyo hivyo.

Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, wazazi wangu wakiwa wametoka Burundi mwaka 1972. Mwalimu wetu wa Jiografia alikuwa mtu wa Kilwa. Siku moja alituambia kwamba kwao kuna samaki aitwaye panzi, na kwamba anaruka. Panzi tuliyemjua sisi ni yule wa shambani, na samaki tuliyemjua ni dagaa wa Kigoma, anayefika ndani ya gunia akiwa amekauka kama kuni. Tulicheka mpaka mwalimu akafunga daftari lake.

Mwaka 2002, nikiwa chuo cha ualimu, nilipata kibali cha kusafiri hadi Unguja. Kwa wasiojua, mkimbizi wa wakati ule hakutoka makazini bila karatasi yenye muhuri. Katikati ya safari, upande wa jua, vitu vinavyong'aa vilichomoka majini kwa pamoja, vikapita juu ya mawimbi, vikatumbukia mbali. Nilidhani ni ndege wadogo. Mzee aliyeketi karibu yangu alisema bila hata kugeuza shingo: "Panzi hao. Wanakimbia jodari." Nikapapasa mfukoni kuona kama karatasi yangu bado ipo.

Baadaye nilisoma habari zake. Kwanza, panzi hapigi mabawa kama ndege. Mapezi yake ya ubavuni ni marefu mno, na aina nyingine zina mapezi ya tumboni yaliyopanuka pia, kwa hiyo huonekana kama ana mabawa manne. Akifukuzwa na jodari au fulusi, huogelea kwa kasi inayokaribia kilomita 60 kwa saa, hutoboa uso wa maji, kisha hukunjua mapezi. Kabla hajaachia maji kabisa, ncha ya chini ya mkia wake, ambayo ni ndefu kuliko ile ya juu, hubaki majini ikipiga haraka haraka mara 50 na zaidi kwa sekunde. Huo ndio mtambo wake. Baada ya hapo anateleza tu juu ya hewa, mita 50 kwa kawaida, pengine 200. Akishuka huweza kugusa maji kwa mkia tu na kupaa tena. Huko juu nako si salama, maana ndege wa baharini humsubiri.

Aina zake ni zaidi ya 40, na zote zinaishi katika bahari zenye joto: Atlantiki, Hindi na Pasifiki, sehemu ambazo maji hayapungui sana nyuzijoto 20. Hakai kilindini. Maisha yake ni pale juu, anakokula viumbe vidogo vinavyoelea. Mayai yake yana nyuzi zinazonata, naye huyataga kwenye majani na takataka zinazoelea. Katika ziwa letu hayupo, mwanafunzi wangu hakukosea hapo.

Lakini panzi aliyenifanya niandike makala hii si yule wa Unguja. Ni wa Barbados, kisiwa cha Karibea chenye kilomita za mraba 431 tu. Wenyeji wamemchora kwenye sarafu yao ya dola moja, na chakula chao cha taifa ni panzi na cou-cou, yaani unga wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia. Kwa lugha yetu, ugali. Wavuvi wao hutupa majini mafungu ya majani yanayoelea, panzi wakija kutaga wanakutana na nyavu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 walianza kutumia mashua zenye barafu. Mashua hizo ziliweza kukaa baharini siku kadhaa, hivyo wakamfuata panzi hadi karibu na Tobago, kwa majirani. Mwaka 1990 nchi hizo mbili ziliwekeana mkataba wa uvuvi, lakini haukudumu. Februari 2004 wavuvi wawili wa Barbados walikamatwa huko, na mwezi huo huo Barbados ikafungua kesi mbele ya jopo la kimataifa la usuluhishi. Ilidai kwamba watu wake wamevua maji hayo kwa karne nyingi.

Uamuzi ulitolewa tarehe 11 Aprili 2006. Mpaka wa bahari ulichorwa. Kuhusu panzi, jopo lilisema halina mamlaka ya kuwapa wavuvi wa Barbados haki ya kuvua katika eneo la Trinidad na Tobago, na kwamba ushahidi wa hizo karne haukutosha. Nchi hizo zikaambiwa zikae zizungumze. "Ushahidi wa zamani hautoshi": sisi tuliorudi na kukuta mashamba ya baba zetu yamelimwa na wengine tumeyasikia maneno hayo, ila hilo si la makala hii.

Panzi wa huko huishi takriban mwaka mmoja tu, huku akizunguka katika maji ya nchi kadhaa. Mmoja akimvua kupita kiasi, mwenzake atakosa msimu unaofuata. Tangu mwaka 2011 magugu ya bahari yaitwayo sargassum yamekuwa yakifika kwa wingi na kuwatatiza wavuvi, na Julai 2024 kimbunga Beryl kilivunja sehemu kubwa ya mashua za Barbados.

Nilimsimulia hayo shemeji yangu, anayeleta dagaa kutoka Kigoma. Aliniambia kwamba hadithi hiyo anaijua bila kusoma. Ndagala naye huishi maisha mafupi, hukaa mbali na ufuko, huliwa na mukeke, na usiku hupanda juu kufuata mwanga wa taa za wavuvi. Mababu zake, kwa mujibu wa wataalamu, walitoka baharini. Ziwa lina urefu wa kilomita 673 na nchi nne. Ndagala huyo huyo akiwa hai hapiti forodha. Akikaushwa na kutiwa guniani, huulizwa karatasi tatu. Mwaka jana magunia ya shemeji yalizuiwa kwenye mpaka mmoja siku nne za mvua kwa ajili ya muhuri uliokosekana. Ukungu ukaingia, akauza kwa bei ya chakula cha kuku.

Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ipo, makao yake ni Bujumbura, kutokana na mkataba uliotiwa saini mwaka 2003. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulisimamishwa ili samaki wazaane. Shemeji alilalamika miezi yote mitatu. Ila anakiri kwamba kama upande mmoja tu ungefunga, upande wa pili ungevua wa wote.

Juzi nilipeleka simu darasani. Mei 2008 wapiga picha wa NHK ya Japani, wakiwa kwenye feri karibu na kisiwa cha Yakushima, walimrekodi panzi akikaa hewani sekunde 45. Yule mwanafunzi alihesabu kwa sauti hadi mwisho. Kisha akanitazama.

"Mwalimu, na huyu naye ni wa Tanzania?"