Hedifoni moja, watu kumi na saba

Mlinzi wa mpunga huko Idete, Tanzania, hulinda kwa masikio. Usiku wa manane, juu ya dungu, macho hayamfikishi mbali. Tawi likivunjika, kiboko akiguna, maji yakichuruzika mahali ambapo jana palikuwa pakavu, ndipo anapogonga debe na majirani wakaitikia kwa madebe yao.

Mlinzi huyo huyo tumchukulie kuwa aliwahi kunusurika mbele ya tembo. Miezi imepita, lakini debe likigongwa moyo unamwenda mbio, kifua kinabana, jasho linamtoka, anajiona anakufa. Wako wanaomshauri mtu wa namna hii avae hedifoni za kuzima kelele. Wenye kiwewe wengi duniani huzitumia, na nafuu wanayoisema ni nafuu kweli, siibezi. Ila tupige hesabu kwanza.

Sony ilipotoa hedifoni za WH-1000XM5 mwaka 2022, bei yake Marekani ilikuwa kama dola 400. Tukiihesabu dola kwa shilingi 2,600, hiyo ni 1,040,000, bado usafiri na ushuru. Kima cha chini cha mshahara kwa kazi za kilimo kilichoanza Januari 2023 kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Kibarua wa kiwango hicho angefanya kazi zaidi ya miezi 7 bila kula na bila kulipa deni la mtu.

Na angepata nini? Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya wazo hili Marekani mwaka 1936: maikrofoni inanasa sauti, kifaa kinatoa wimbi lililo kinyume chake, mawimbi mawili yanauana. Mngurumo mzito usiobadilika, kama wa jenereta, mashine ya kukoboa au treni ya TAZARA, unaweza kupungua kwa desibeli 20 na zaidi, na desibeli 20 maana yake nguvu ya sauti imebaki 1 kwa 100. Debe lakini halingurumi. Linalia ghafla na kunyamaza, sawa na mlango unaobamizwa au mtu anayepiga ukelele, na hapo ujanja wa mawimbi unachelewa. Kinachobaki kusaidia ni ule mto unaofunika sikio. Mto wa aina hiyo upo kwenye vifunika masikio vya kiwandani, visivyohitaji betri wala dola 400. Hivyo ningependa kuviona kwa kila kijana anayeshinda kwenye mashine ya kukoboa.

Kuna jambo zito zaidi ya bei. Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka lenyewe. Mtu akijifunika masikio kila linapoanza, hapati nafasi ya kuona kwamba lingeshuka. Nafuu yote anaihesabia hedifoni, na siku betri ikiisha hofu inarudi na nguvu zake zote. Halafu mlinzi aliyeziba masikio dunguni hatamsikia tembo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 3.9 ya watu wote wamewahi kupata maradhi ya msongo baada ya kiwewe. Tukikiazima kipimo hicho kwa kijiji cha watu 5,000, tunapata watu 195. Hedifoni kwa wote ni shilingi 202,800,000.

Sasa tuangalie Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwahusisha Wanyarwanda na Wasomali 277 wenye maradhi hayo. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo, na tiba ilikuwa vikao 6. Ufuatiliaji ulipofanyika, asilimia 70 ya waliopata tiba ya kusimulia maisha yao hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa. Kwa wale waliofuatiliwa tu bila tiba ilikuwa asilimia 37.

Tuseme mshauri wa kijijini alipwe shilingi 10,000 kwa kikao, makadirio yangu mwenyewe. Vikao 6 ni 60,000 kwa mtu, na bei ya hedifoni moja inatibu watu 17. Ongeza mafunzo na msimamizi mwenye taaluma, gharama ikawa maradufu: bado ni watu 8. Kijiji kizima, kwa bei hiyo ya maradufu, ni shilingi 23,400,000, na kwenye bajeti hiyo fungu la msimamizi ndilo nisingekubali liguswe.

Tiba yenyewe ni ya kukaa na kusema. Mtu anasimulia maisha yake tangu kuzaliwa, mabaya na mema kwa mpangilio wake, na akifika usiku wa tembo haharakishwi: alisimama wapi, alisikia nini, mikono ilikuwaje. Mshauri anaandika. Kikao kinachofuata anamsomea, naye anasahihisha, kisha wanaendelea. Siku ya mwisho anakabidhiwa zile karatasi, usiku ule ukiwemo humo kati ya mavuno ya mwaka mmoja na kuzaliwa kwa mtoto.