Eksirei haikuona kitu, mbona mguu bado unauma?

Huenda jambo hili limewahi kukupata. Unashuka kwenye matatu kabla haijasimama, mguu unakanyaga ukingo wa barabara na kupinduka kwa ndani. Kufikia jioni kifundo kimefura na kiatu hakiingii. Unaenda hospitalini, unapigwa picha ya eksirei, na daktari anakwambia: "Hakuna mfupa uliovunjika." Unamshukuru Mungu, unanunua dawa za maumivu na kurudi nyumbani. Wiki sita baadaye bado unachechemea, na kila ukikanyaga jiwe mguu unataka kupinduka tena.

Je, daktari alikudanganya? La. Alikwambia kweli, lakini ilikuwa nusu ya kweli.

Picha ya eksirei huonyesha mifupa. Haionyeshi ligamenti, yaani zile kano ngumu zinazofunga mfupa mmoja kwa mwingine. Ukitaka kuelewa kazi yake, fikiria nyumba ya fito. Fito ni mifupa, na kamba zinazozifunga ni ligamenti. Kamba zikikatika, nyumba hulegea hata kama hakuna ufito hata mmoja uliovunjika.

Upande wa nje wa kifundo una ligamenti tatu. Ile ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo huumia mara nyingi mguu unapopinduka kwa ndani. Unene wake ni kama milimita 2 hivi. Kitu chembamba kiasi hicho ndicho kinachokusaidia kusimama imara unapotembea kwenye mashimo ya barabara zetu.

Mashine ya wajawazito?

Mgonjwa anapoambiwa apigwe ultrasaundi ya mguu, aghalabu hucheka. Wengi wanaijua mashine hii kwa sababu ya akina mama wajawazito, kazi iliyoanza kujulikana baada ya Dkt Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskoti, kuandika kuihusu mwaka wa 1958. Lakini mashine hii haichagui tumbo. Inatuma mawimbi ya sauti mwilini na kupokea mwangwi wake, kisha inaugeuza mwangwi huo kuwa picha.

Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde. Kumtazama mtoto tumboni hutumika mitetemo kama milioni 3 hadi 5. Kwa mguu tunatumia milioni 10 au zaidi, kwa sababu mitetemo mingi hutoa picha safi zaidi, ingawa haifiki mbali ndani ya mwili. Ligamenti za kifundo ziko karibu na ngozi, kwa hivyo hilo si tatizo. Ndiyo sababu kile kifaa cha mkononi kinachotumiwa kwa wajawazito hakitoshi. Kabla ya kulipa pesa zako, uliza kama kituo hicho kina kifaa cha viungo vilivyo karibu na ngozi, na kama kuna mtu aliyefunzwa kukitumia.

Shughuli yenyewe haina uchungu mwingi. Unapakwa jeli baridi, kisha mtaalamu anapitisha kifaa polepole juu ya kifundo. Haina miale kama eksirei. Ligamenti nzima huonekana kama utepe mweupe ulionyooka, wenye nyuzi nyuzi. Iliyovutika huwa nene na yenye giza. Iliyokatika huonyesha pengo, au ncha zilizolegea, na mara nyingi maji au damu kando yake.

Faida moja ya ultrasaundi ni kwamba tunaweza kuutazama mguu ukienda. Mtaalamu huvuta unyayo mbele taratibu huku akiangalia kioo. Ligamenti nzima hukaza. Iliyokatika huacha mfupa uteleze. Kisha anafanya vivyo hivyo kwa mguu mzima ili alinganishe.

Lakini mashine haijui kila kitu. Kifaa kikishikwa upande kidogo, ligamenti nzima huonekana nyeusi kama iliyoumia, na asiye na uzoefu anaweza kukupa ugonjwa usiokuwa nao. Tena mawimbi haya hayapenyi mfupa. Gegedu likiumia ndani ya kiungo, itabidi upigwe picha ya MRI.

Si kila aliyeteguka anaihitaji

Usikimbilie ultrasaundi siku ya kwanza. Siku hiyo swali kubwa ni kama mfupa umevunjika. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa mwaka wa 1992 kanuni ambazo hata wewe unaweza kuzikumbuka. Eksirei inahitajika ikiwa kuna maumivu sehemu ya kifundo na huwezi kupiga hatua nne, ulipoumia na hata ulipofika kwa daktari. Au ikiwa unasikia uchungu mfupa unapobonyezwa kwenye ncha au ukingo wa nyuma wa kifundo, ndani au nje. Pia inahitajika ikiwa uchungu uko katikati ya unyayo na mfupa unauma ukibonyezwa kwenye ukingo wa nje au wa ndani wa sehemu hiyo, au ukishindwa na hatua hizo nne.

Kama mfupa hauna shida, rudi kwa daktari siku ya nne au ya tano. Wakati huo uvimbe umepungua, na mikono yake inaweza kujua mengi kuliko siku ya kwanza. Ultrasaundi hufaa akishuku kuwa ligamenti imekatika kabisa, au ikiwa wiki kadhaa zimepita na mguu bado unakusaliti.

Niligeuza unyayo nikiwa nimechelewa

Nina kisa ambacho hunisumbua. Miaka kadhaa iliyopita nilimhudumia mama mmoja, mwalimu, aliyeteleza kwenye ngazi. Uvimbe haukuwa kwenye kifundo bali juu ya unyayo, katikati. Alipigwa eksirei akiwa amelala, na mifupa ilionekana sawa. Nikamwambia apumzike wiki moja. Alirudi baada ya miezi miwili, unyayo umelala chini na hawezi kusimama darasani kipindi kizima.

Ligamenti iliyokatika ilikuwa ya Lisfranc, iliyopewa jina la mpasuaji mmoja Mfaransa. Hii hufunga mfupa wa katikati ya unyayo kwa ule wa kidole cha pili. Ishara yake mojawapo ni damu kuvilia chini ya unyayo. Nilipomwuliza, alisema ndiyo, chini kulikuwa na weusi. Nami sikuwa nimeugeuza mguu nitazame.

Siku hiyo ultrasaundi huenda ingeonyesha ligamenti ya juu imeachana, na eksirei akiwa amesimama huenda ingeonyesha mifupa imetengana. Hata ultrasaundi ikionekana safi, dalili hizi hazipaswi kupuuzwa. Jeraha hili mara nyingi huhitaji upasuaji, na kuchelewa huleta ulemavu wa kudumu.

Ufanye nini?

Ligamenti nyingi za kifundo hupona bila kupasuliwa. Siku mbili tatu za kwanza inua mguu, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, na ufunge bendeji isiyokaza kupita kiasi. Usikubali kukandwa kwa nguvu mguu ukiwa umefura. Kisha anza kutembea kadiri unavyoweza. Maumivu yakipungua, jizoeze kusimama kwa mguu mmoja, mathalan unapopiga mswaki, huku umekaribia ukuta. Zoezi hili hurudisha ule uwezo wa mguu wa kujizuia kabla haujapinduka. Wachezaji wengi hulipuuza, wakarudi uwanjani mapema na kuumia mahali pale pale.

Na utakapoambiwa tena kwamba eksirei haikuonyesha kitu, furahi, lakini usiondoke bado. Vua soksi, mwonyeshe daktari chini ya unyayo, kisha umwulize: "Na ligamenti je?"