Theluji Penye Nchi ya Jua

Mtu atokaye Ipogolo, kando ya Mto Ruaha Mdogo, akipanda mlima kwenda Iringa mjini, huona jambo dogo ambalo wengi hawalifikiri. Bondeni jua lilimchoma. Afikapo juu, upepo wa baridi humpiga, hasa katika miezi ya Juni na Julai. Jua ni lile lile, na safari ni fupi; lakini amepanda. Jambo hilo dogo ndilo litufumbualo ajabu kubwa ya nchi yetu, yaani theluji ya Kilimanjaro.

Mlima huo hauko mbali na Ikweta, ni digrii 3 tu upande wa kusini. Umesimama peke yake uwandani, kama kisiwa katikati ya bahari. Ulifanyizwa na moto wa chini ya nchi: mawe yaliyoyeyuka yalitoka mara nyingi, yakapoa, yakalundikana, hata vikawapo vilele vitatu, Shira, Mawenzi na Kibo. Kibo ndicho kirefu kupita vyote. Kimo chake ni meta 5,895.

Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alisafiri kwenda nchi ya Wachaga. Tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima. Kiongozi wake alikiita "baridi" tu. Rebmann akafahamu mara kuwa ni theluji, maana aliizoea kwao Ujerumani. Lakini habari zilipofika Ulaya, baadhi ya wenye elimu hawakusadiki. William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kufika huku, alikana kabisa. Basi mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten wakapanda mlimani, na theluji ikawaangukia wao wenyewe.

Je, theluji yakaaje karibu na Ikweta? Hewa ipandapo hutanuka, na itanukapo hupoa. Kwa kila meta 1,000 joto hupungua kadiri ya digrii 6. Hesabu mwenyewe: ukiondoka uwandani penye joto la digrii 25, ukapanda meta 5,000, utafika mahali ambapo maji huganda. Mlima Rungwe, kule Mbeya, nao ulitokana na moto wa chini ya nchi. Lakini haufiki meta 3,000, kwa hiyo hauna kofia nyeupe.

Siku hizi kofia ya Kibo inachakaa. Tangu mwaka 1912 zaidi ya sehemu nne katika tano za barafu yake zimetoweka, na wataalamu wasema huenda iliyobaki ikaisha katika karne hii. Ndipo wajukuu wenu watakapouliza, kama walivyouliza watu wa Ulaya zamani, "Theluji katika Afrika? Yawezekanaje?" Basi, apataye nafasi ya kupita Moshi asubuhi, kabla ya mawingu kuufunika mlima, na autazame vema, ili awe shahidi.