Manowari Inayosubiri Upepo

Alfajiri ya tarehe 2 Mei 1982, katika Atlantiki ya Kusini, manowari ya kubebea ndege ya Argentina iitwayo Veinticinco de Mayo ilikuwa tayari kwa shambulio ambalo lingeweza kubadili mwenendo wa vita vya visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina huviita Malvinas. Siku moja kabla, ndege zake za doria zilikuwa zimeugundua msafara wa Waingereza. Ndege za kivita aina ya Skyhawk zilikuwa zimeandaliwa, mabomu yapo, marubani wanangoja amri. Kilichokosekana ni upepo.

Bahari ile inaogopwa kwa dhoruba zake, lakini siku hiyo ilitulia. Meli yenyewe ilikuwa kongwe. Iliingia kazini mwaka 1945 chini ya bendera ya Uingereza, ikauzwa Uholanzi, kisha Argentina. Ilikuwa na mtambo wa mvuke wa kurushia ndege, ila nguvu ya mtambo huo pamoja na mwendo wa meli havikutosha kuinyanyua ndege iliyojaa mafuta na mabomu pasipo upepo wa kusaidia. Kupunguza mzigo kulimaanisha ama ndege zisifike, ama zifike zikiwa na mabomu machache. Shambulio likaahirishwa. Alasiri ya siku hiyo hiyo nyambizi ya Uingereza, HMS Conqueror, iliizamisha meli ya kivita ya Argentina, General Belgrano, watu 323 wakafa, na meli za Argentina zikarudi karibu na pwani yao. Zile Skyhawk ziliendelea kupigana, ila sasa zikitokea nchi kavu, na safari ikawa ndefu.

Wengi tunapoziona picha za manowari hizi, zenye sitaha ya urefu wa mita zaidi ya 300 na ndege sabini hivi ndani yake, tunadhani ni chombo kisichomwogopa yeyote. Lakini kila zinapotaka kurusha au kupokea ndege, nahodha wake sharti aulize kwanza upepo unatoka wapi, na jibu ndilo litakaloamua omo ielekee wapi. Hata kama adui yuko upande mwingine.

Kinachoiinua ndege ni hewa inayopita kwa kasi juu na chini ya mabawa yake, na bawa halichagui kama hewa hiyo imeletwa na injini, na mwendo wa meli, au na upepo wa bahari. Mtoto wa pwani anayerusha tiara, au kishada, analijua jambo hili bila kufundishwa: siku ya upepo husimama tu akaachia uzi, siku ya utulivu hukimbia ili autengeneze upepo wake mwenyewe. Manowari hufanya yote mawili kwa pamoja. Hugeuka ikaukabili upepo, kisha huongeza mwendo. Upepo ukivuma kwa kilomita 20 kwa saa na meli ikaenda kinyume chake kwa kilomita 36, sitaha hupitiwa na upepo wa kilomita 56 kwa saa, na ndege iliyosimama pale imekwisha kupata sehemu ya kasi inayoihitaji kabla gurudumu halijazunguka.

Uwanja wa ndege wa nchi kavu haugeuki. Waliojenga njia ya kurukia walichunguza pepo za mahali hapo, wakailaza mara moja, basi. Huweza kuwa na kilomita tatu au zaidi za lami, hivyo una nafasi ya kusamehe. Mtambo wa kurushia ndege kwenye manowari ya Marekani hauna hata mita 100.

Aliyeithibitisha faida hii wakati wa kutua alikuwa kijana wa Kiingereza wa miaka 25, Edwin Harris Dunning. Tarehe 2 Agosti 1917, huko Scapa Flow katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, meli ya HMS Furious ilikwenda kilomita 48 kwa saa kuukabili upepo wa kilomita 39. Jumla yake ni kilomita 87 kwa saa, na ndege ndogo ya Dunning aina ya Sopwith Pup iliweza kubaki hewani kwa mwendo unaokaribiana na huo. Kwa hiyo kwa aliyesimama sitahani, ndege ile ilikuwa kama inaelea tu, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Dunning aliipitisha kando ya mnara na dohani, akaisogeza ubavu hadi juu ya sitaha ya mbele, na maofisa wenzake wakarukia kamba zilizoning'inizwa kwenye ndege, wakaivuta chini kwa mikono. Hakuna aliyewahi kutua kwenye meli inayokwenda kabla yake.

Siku tano baadaye, tarehe 7, alirudia. Katika jaribio lake la mwisho aliona amepita mno, akawaashiria wenzake wamwachie ajaribu tena, akaongeza moto. Injini haikuitika. Ndege ikaanguka upande wa kulia wa meli na Dunning akafa maji. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu hesabu zote za upepo wa sitahani zinazotumiwa leo zimejengwa juu ya miili ya vijana wa namna hii, na majina yao hatuyataji ipasavyo.

Baada yake Waingereza waliiongezea Furious sitaha ya pili nyuma ya dohani. Hapo ndipo walipokutana na sura nyingine ya upepo. Mnara na dohani katikati ya meli vilikuwa vinaukata upepo vipande vipande, moshi wa moto ukachanganyika nao, na ndege zilizokuja kutua kwa nyuma zikaingia kwenye hewa inayochemka. Nyingi zilivunjika. Ilibidi kutua kuachwe kabisa, meli ibaki ya kurusha tu. Tarehe 19 Julai 1918 ndege saba ziliruka kutoka Furious kwenda kulipua mabanda ya meli-anga za Wajerumani huko Tondern, na marubani wakijua wazi kwamba hawana sitaha ya kurudia. Mwaka huo huo ilikamilika HMS Argus, sitaha yake tambarare kutoka tezi hadi omo, bila mnara wala dohani juu yake. Umbo hilo ni upepo ndio uliolichonga.

Gharama ya kuutii upepo haikuishia kwenye ndege. Tarehe 17 Septemba 1939, wiki mbili tu tangu vita kuu ya pili ianze, manowari HMS Courageous ilikuwa kusini magharibi mwa Ireland ikisaka nyambizi. Nyambizi ya Kijerumani U-29 ilikuwa ikiinyemelea bila kuipata shabaha nzuri. Jioni ndege za Courageous zikarejea, na meli ikafanya kile isichoweza kukikwepa: ikageuka kuukabili upepo ili izipokee. Mgeuko ule ulimletea adui ubavu wake mzima. Nyambizi ikafyatua, na kwa muda usiofika dakika 20 meli ilikuwa imezama na watu zaidi ya 500. Mimi nawalaumu waliopanga safari ile kuliko nahodha. Kumpa msakaji kazi inayomlazimu kugeuka mbele ya anayemsaka ni kosa la mezani, si la usukani, na Waingereza wenyewe waliziondoa manowari za ndege kwenye kazi hiyo mara baada ya msiba.

Mfano mkubwa zaidi uko Pasifiki. Juni 1944, karibu na visiwa vya Mariana, kikosi cha Marekani chini ya Marc Mitscher kilikabiliana na meli za Kijapani za Jisaburo Ozawa. Wajapani walikuwa magharibi, Wamarekani mashariki, na upepo ulivuma kutoka mashariki. Ozawa aliweza kurusha ndege zake huku akimsogelea adui. Mitscher, kila alipotaka kurusha au kupokea, alilazimika kuelekea mashariki, yaani kumpa mgongo yule anayemtafuta. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 19, siku ambayo marubani wa Marekani waliangusha mamia ya ndege za Kijapani na bado meli zao zikazidi kuachwa mbali na za Ozawa. Tarehe 20 Wajapani walionekana jua likikaribia kutua. Mitscher alirusha ndege 216 akijua zitarudi gizani, na ndege hizo zilipokwisha kupaa umbali ulikuwa mkubwa. Usiku ule aliamuru taa za meli ziwashwe, nyambizi ziwepo zisiwepo, ili vijana wake waone pa kutua. Hata hivyo ndege zipatazo 80 zilipotea, nyingi zikiishiwa mafuta na kuangukia baharini, ingawa wengi wa waliokuwamo waliokolewa. Sisemi upepo peke yake ndio uliofanya hayo. Ndege za Kijapani zilikuwa na masafa marefu zaidi, na kamanda mkuu Raymond Spruance hakutaka kuiacha Saipan, mojawapo ya visiwa hivyo vya Mariana, bila ulinzi. Lakini toa upepo ule wa mashariki, na hesabu nzima ya siku mbili inabadilika.

Upepo huohuo unaotesa huweza kubariki. Tarehe 18 Aprili 1942 ndege 16 za B-25, ndege nzito za nchi kavu ambazo hazikuundwa kwa ajili ya meli, ziliruka kutoka USS Hornet kwenda kupiga Tokyo na miji mingine ya Japani. James Doolittle, aliyetangulia, alikuwa na mita 142 tu za sitaha mbele yake, kwa sababu nyuma yake zimejazana nyingine 15. Bahari ilikuwa imechafuka na upepo mkali unapiga. Hornet iliongeza mwendo kuukabili, na ofisa wa sitahani alitoa ishara kwa kupima mawimbi, ili ndege ifike ukingoni wakati omo inapanda. Zote 16 zilipaa. Siku ya utulivu kazi hiyo ingekuwa ngumu zaidi.

Mwaka huo huo manowari za aina hii zilikuwa zikitia nanga kwetu. Kikosi cha Waingereza cha Bahari ya Hindi kilihamishia makao yake Kilindini, Mombasa, na HMS Formidable na HMS Illustrious zilitumia bandari hiyo. Manahodha wa majahazi waliozitazama walikuwa na elimu kamili ya pepo zilezile. Wao walisafiri na upepo: kaskazi iliwaleta, kusi iliwarudisha. Meli ya ndege hufanya kinyume, kwa maana wakati wa kusi ikitaka kurusha nje ya Mombasa hugeuza omo kusini, na wakati wa kaskazi huigeuza kaskazini. Na katika maleleji, pepo zinapobadilishana zamu na bahari ikalala, hubaki na mwendo wake tu. Joto nalo huongeza shida, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi na bawa hupata kidogo cha kushika.

Kutua ndiko kugumu zaidi, na hapa namba zinaeleza vizuri kuliko maneno. Ndege ya kivita ya leo huja kwa kasi ya kilomita 250 hivi kwa saa katika hewa. Sitaha ikipitiwa na upepo wa kilomita 56, kasi yake kwa meli ni kilomita 194. Tofauti inaonekana ndogo, lakini nguvu ambayo waya wa kuinasa ndege unapaswa kuimeza hukua kwa mraba wa kasi, hivyo imepungua kwa asilimia 40. Ndege ile inanasa waya kwa ndoano ya mkiani na kusimama kwa mita mia moja tu. Asilimia 40 yaweza kuwa tofauti ya waya kukatika au kushika.

Tangu miaka ya 1950 sehemu ya kutulia imepindishwa kidogo kushoto, takriban digrii tisa kwenye meli za daraja la Nimitz, ili ndege iliyokosa waya iruke tena bila kugonga zilizoegeshwa mbele. Ni wazo la Dennis Cambell wa Uingereza, na limeokoa watu wengi. Ila lina bei yake. Upepo unaotengenezwa na meli huja kutoka omo moja kwa moja, kwa hiyo kwa rubani anayetua unapiga kidogo kutoka kulia. Ndiyo maana nahodha huutafuta upepo wa asili utokee kushoto kidogo, ulingane na ile njia iliyopinda. Upepo wa asili ukikosekana, mnara wa upande wa kulia huivuruga hewa na kuimwaga nyuma ya meli, na ndege huhisi kuzama sekunde chache kabla ya kufika. Rubani aliyefundwa huitarajia, akaongeza moto mapema. Magurudumu yanapogusa, husukuma injini hadi mwisho badala ya kuizima, kwa kuwa hana hakika bado kama ndoano imeshika.

Kuna waliodhani mitambo itaumaliza utumwa huu. Ndege za Harrier zilizotua wima na sitaha zilizoinuliwa omoni, za Uingereza na baadaye Urusi, India na China, zilipunguza sehemu. Mvuke ulipunguza zaidi, na sasa umeme: USS Gerald R. Ford, iliyoingia kazini mwaka 2017, ina mtambo wa sumaku unaoipimia kila ndege nguvu yake, na Fujian ya China inao pia. Lakini hakuna sumaku inayoipunguza kasi ya ndege inayorudi kabla haijaifikia sitaha. Kazi hiyo bado ni ya upepo, na Ford hugeuka kuukabili kama Furious ilivyogeuka mwaka 1917.