Kukwama kwa kazi za cron

Cron ni programu ya mifumo ya Unix inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa, kwa mfano kutengeneza nakala rudufu za mafaili ya ofisi kila usiku. Jina hutokana na neno la Kigiriki khronos (wakati). Ilikuwemo katika Unix toleo la 7 la mwaka 1979.

Kazi ikikoma, ubaya wake ni ukimya: huenda watu wakagundua siku diski inapoharibika na nakala haipo.

Kwanza itazamwe saa. Mstari unaoanza na "0 2 * * *" ni saa 8 usiku kwa hesabu ya Kiswahili. Anayetaka saa 2 usiku aandike 20 badala ya 2. Wanafunzi hukosea hapa mno. Ziwa Tanganyika nalo ni mpaka wa saa: Kigoma na Ujiji hufuata UTC+3, ilhali Kalemie, Bujumbura na Mpulungu hufuata UTC+2. Seva nyingi huwekwa kwenye UTC yenyewe, hivyo kazi ya "0 2" hufanyika Kigoma ikiwa saa 11 alfajiri. Amri "date" huonyesha saa ya seva.

Umeme ukikatika saa ya kazi, cron ya kawaida hairudii kazi iliyopitwa; anacron hufanya hivyo.

Kazi inayokubali ikiamriwa kwa mkono lakini si ndani ya cron kwa kawaida hukosa njia kamili ya programu, kama /usr/local/bin. Alama % nayo iandikwe \%, la sivyo cron huikata amri hapo. Kuongeza ">> /tmp/cron.txt 2>&1" mwishoni mwa amri huhifadhi ujumbe wa kosa.